Wenye kumbi Dar, acheni kutuuzia plebeki kwa bei ya bendi

Wakuu, habari zenu. Nimechoka, acha niseme. Wenye kumbi wa jiji hili mnatuibia. Mnabandika bango la "bendi laivu", mnatutoza kiingilio, halafu mnatuwekea plebeki, yaani muziki uliorekodiwa kwenye flashi, na vijana wawili wameshika maiki. Huo ni wizi kama wizi mwingine.

Jumamosi iliyopita nilitoka na mke wangu na shemeji yangu, mgeni kutoka Tabora ambaye muziki wa dansi ameusikia redioni tu. Ukumbi uko Kinondoni. Bango linasema saa tatu usiku. Kiingilio elfu kumi kila mtu, na baunsa anapekua mpaka pochi za akina mama, usije ukaingia na maji yako. Inakaribia saa sita ndipo wanapanda jukwaani. Nikasogea mbele kumwangalia mpiga solo, maana mimi nafuata magitaa. Waya wa gitaa lake umelala chini, haujachomekwa popote! Dramu zimefunikwa turubai. Tarumbeta inalia kwenye spika na jukwaani hakuna hata mmoja aliyeshika tarumbeta. Namfuata meneja, ananijibu: "Bro, watu wanataka kucheza tu, nani anaangalia waya?" Mimi naangalia. Nimetoa elfu thelathini kwa ajili hiyo, na hakurudisha hata senti.

Na haya yanafanyika Dar, siyo mahali pengine! Hapa ndipo NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, wanamuziki wakiwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, bendi ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Hapa ndipo Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, baadaye DDC, shirika la maendeleo la jiji, wakaichukua, watu wakawa wanafurika ukumbi wa DDC Kariakoo kwa ajili ya Sikinde, ndilo jina la mtaani la bendi hiyo. Solo na rithimu zinajibizana, besi inatembea chini yake, wapulizaji wanaingia, mwimbaji Bitchuka anapandisha sauti. Kijana wa Magomeni mwenye hamu ya gitaa alikuwa anasimama karibu na jukwaa anaangalia vidole vya mkubwa wake. Leo aangalie nini?

Msiniletee habari za Bongo Fleva na singeli, sina ugomvi nazo. DJ akipiga, andikeni DJ, na kiingilio kiwe cha DJ. Basi.

Wanamuziki wenyewe siwalaumu hata kidogo. Wengi wao vyombo si vyao, ni vya mwenye bendi, kwa hiyo mpiga besi akigombana na bosi anaondoka mikono mitupu. Makubaliano ya kawaida mnayajua: bendi inategemea mapato ya mlangoni, bia na nyama zote ni za mwenye ukumbi. Watu wakijaa wakanywa mpaka asubuhi, anayetajirika ni yeye. Watu wakiwa wachache, watu kumi na kitu jukwaani wagawane nini, nauli? Ndipo bendi inapoanza kukatwa viungo. Wanaondolewa wapulizaji kwanza, kwa sababu "wanakula hela". Wanafuata wa tumba. Kisha dramu. Mwishoni wanabaki waimbaji na flashi, lakini bei ya mlangoni haijashuka hata shilingi mia. Hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Kuna wanaojitetea kwa NEMC, lile baraza la mazingira, kwamba tangu wafungie baa na kumbi kwa kelele mwaka 2023, bendi ni hatari. Uongo! Plebeki ile ya Jumamosi ilikuwa inatetemesha madirisha ya majirani, na wale wana watoto wa kwenda shule. Dawa ya kelele ni kuziba kuta na kushusha spika, na hilo mnaliweza, pesa ya kuweka taa za rangi mbona mnayo?

Ninachotaka ni hiki. Bango liseme ukweli. Bendi isipopiga laivu, mturudishie kiingilio pale pale mlangoni. Na wapulizaji warudi jukwaani, walipwe kutoka kwenye hizo bia tunazokunywa kwa sababu yao.

Wadau, kama umetapeliwa hivi na wewe, eleza ilikuwaje. Na anayejua ukumbi wowote, uwe Temeke, Ilala au Mbagala, ambako wikiendi hii magitaa yamechomekwa na dramu zinapigwa na mtu, ataje siku na saa. Shemeji bado yupo mpaka Jumatatu.