ESP32 na chipu ya flashi ya MB 16: FAT, SPIFFS au LittleFS?

maji_tank: Habari zenu wakuu. Nina kifaa cha kupima maji kwenye tanki, ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) na chipu ya kumbukumbu ya flashi ya nje, W25Q128. Kinasoma kila dakika, kinaongeza mstari mmoja kwenye faili ya CSV. Umeme pale unakatika saa yoyote na hakuna wa kukizima vizuri. Mwenzangu anang'ang'ania mfumo wa faili wa FAT eti ndo imezoeleka, mimi naona wengi wanatumia SPIFFS. Nataka kikae miaka bila kufunguliwa, nichukue ipi?

saketi_fundi: FAT kwenye chipu isiyo na kontrola ndani kama hiyo achana nayo kabisa mkuu. Pale huwezi kubadilisha data juu kwa juu, lazima ufute sekta nzima ya KB 4 ndo uandike upya, na kila sekta inahimili kufutwa kama mara 100,000 tu. Sasa FAT kila ukiongeza mstari na kufunga faili inarudi palepale kwenye saraka kurekebisha ukubwa wa faili. Kila dakika ni mara 1,440 kwa siku, piga hesabu, siku 70 hazifiki sekta ile imefika kikomo na chipu iliyobaki bado mpya. Weka LittleFS. Hiyo inaandika kopi mpya pembeni kwanza, ikikamilika ndo inahamia, umeme ukikatika katikati unabaki na ile ya zamani ikiwa nzima.

nyaya_tupu: Hapo kwenye uchakavu nikuongezee, ESP-IDF (programu rasmi ya kutengenezea kodi ya ESP32) ina tabaka linalozungusha sekta chini ya FAT, kwa hiyo hiyo siku 70 inakwepeka. Ila umeme bado ni shida, maana data, jedwali la vipande vya faili na saraka vinaandikwa kwa zamu, ukikatika katikati havikubaliani tena. SPIFFS nayo haina folda za kweli na ikikaribia kujaa inakuwa nzito sana. Mimi pia LittleFS.

maji_tank: Asanteni sana. Vipi JFFS2 na UBIFS, nazisikia kwenye ruta za OpenWrt (Linux ya ruta)?

nyaya_tupu: Hizo ni za Linux, kwenye ESP32 hazihusiki. JFFS2 inafaa flashi ya NOR (aina ya chipu yako) ikiwa ndogo lakini inaskani chipu ikiwaka, ikiwa kubwa utasubiri. UBIFS ni ya NAND, aina nyingine ya flashi, ambako bloku mbovu zinakuwepo tangu kiwandani, tabaka la UBI lililo chini yake ndo linazikwepa. Kadi ya SD na eMMC ni habari nyingine, zina kontrola yake ndani ya kusimamia flashi.

saketi_fundi: Kingine muhimu, usifungue na kufunga faili kila dakika hata kwenye LittleFS, kipande cha mwisho kinakopiwa upya kila mara. Kusanya vipimo kwenye RAM, andika kila nusu saa. Unaweza kuvumilia kupoteza nusu saa umeme ukienda?

maji_tank: Nusu saa sawa, tanki haliishi haraka hivyo. Naanza na LittleFS leo, nitaivuta plagi makusudi ikiwa inaandika nione.

saketi_fundi: Vuta mara nyingi, na jaza chipu kwanza, ikiwa tupu haitakuonyesha kitu.