Mabingobingo au Rhodes: nani ana protini zaidi?

MkataMajani: Wakuu, nina majibu ya maabara ya nyasi zangu za malisho. Mabingobingo mabichi: protini ghafi asilimia 1.8. Hei (nyasi zilizokaushwa) ya Rhodes: 7.5. Ning'oe mabingobingo? Ng'ombe ni wa maziwa, kilo 400 hivi.

Mizani: Using'oe kitu mkuu, hapo umelinganisha maji na nyasi. Angalia mstari wa ukavu (asilimia inayobaki maji yakiondolewa) kwenye karatasi hiyo hiyo. Gawa protini kwa ukavu, zidisha kwa 100. Kama mabingobingo yana ukavu wa 20, unapata 9. Hei yenye ukavu wa 88 inakupa 8.5.

MkataMajani: Duh, ukavu ni 20 kweli! Na nyasi ya brakiaria inayosifiwa hivi, inawazidi wote?

ZiziKuu: Uliza kwanza zimekatwa zikiwa na umri gani. Brakiaria ina majani mengi kuliko mashina, kwa hiyo ikikatwa changa kwenye udongo wenye mbolea protini yake katika ukavu inavuka asilimia 10 bila shida. Ukiiacha ikomae, sifa zinaisha. Mabingobingo kata yakifika mita moja hivi. Yakipita mita moja na nusu shina linakuwa gumu na protini inaweza kushuka chini ya 7. Hapo ndipo pabaya: vijidudu vya tumboni vinakosa naitrojeni, usagaji unazorota, tumbo linabaki limejaa na ng'ombe anaacha kula huku horini majani yapo. Rhodes vuna maua yanapoanza kuchungulia, usisubiri mbegu.

Soma na nyuzinyuzi (kwenye karatasi ya maabara huandikwa NDF). Zikivuka asilimia 70 ya ukavu, hata protini ikiwa nzuri atakula kidogo.

Angalizo: baadhi ya brakiaria, hasa decumbens, huwababua kondoo na mbuzi wakiwa juani, masikio na uso huvimba. Farasi nao wasiishi kwa brakiaria au setaria (nyasi nyingine ya malisho) tupu, kemikali yake iitwayo oksaleti hufunga kalsiamu.

Mizani: Naongezea kipimo cha horini. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 kavu kwa siku (asilimia 3 ya uzito wake). Kwa ukavu wa 20 hizo ni kilo 60 mbichi. Mvua ikikolea ukavu unashuka hadi 15, na kilo 60 zile zile zinakuwa 9 tu kavu! Itabidi umpe 80. Wengi hulaumu nyasi wakati tatizo ni mzani.

MkataMajani: Na sampuli nichukueje safari ijayo?

ZiziKuu: Konzi moja moja kutoka sehemu kumi au zaidi za shamba, kimo kile kile unachokatia, pembezoni mwa shamba uache. Katakata, changanya, toa nusu kilo. Usifunge mbichi kwenye mfuko wa plastiki ukailaza. Itapata joto na kuchacha, na majibu yatadanganya. Kama haifiki maabara siku hiyo, kausha kwenye oveni nyuzijoto 60 za Selsiasi kwa saa 48, ukipima uzito kabla na baada.

Halafu protini ya 9 haimtoshi anayekamuliwa sana. Changanya desmodiamu au lusina, mimea ya jamii ya kunde yenye protini nyingi.