Eti 6G itakuwa inatuma maana badala ya data? Kivipi?

fundi_mnara:
Wakuu habari za leo. Mimi kazi yangu ni kufunga antena kwenye minara, sasa jana nimesikia 6G, ule mtandao wa simu utakaokuja baada ya 5G, itakuwa inatuma maana ya ujumbe, sio ujumbe wenyewe. Nimekwama hapo. Maana inapitaje hewani? Si mwisho wa siku ni biti zilezile, zile sifuri na moja?

mdau_wa_mawimbi:
Mkuu mawimbi ni yaleyale, kinachobadilika ni mzigo. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, mwaka 1948 aliandika kwamba maana ya ujumbe haimhusu injinia, kazi yake ni kufikisha alama kama zilivyotumwa, na mpaka 5G tumejenga juu ya msingi huo. 1949 mwanasayansi mwenzake Weaver akaweka ngazi tatu: alama zimefika? maana imeeleweka? aliyepokea katenda kilichokusudiwa? Sasa watu wanataka kupanda hizo mbili za juu. Chukua kamera ya kuhesabu malori, inarusha video usiku kucha hata barabara ikiwa tupu, wakati huku ofisini mtu anataka tu kujua lori limepita saa ngapi na limeelekea wapi. Basi itumwe hiyo tu.

fundi_mnara:
Sasa si sawa na kupunguza saizi ya faili tu?

mdau_wa_mawimbi:
Hapana, hapa simu inayotuma na inayopokea zina modeli za AI (akili bandia) zilizofunzwa pamoja: moja inachambua maana na kuituma, nyingine inaujenga upya ujumbe. 2021 watafiti walitoa mfumo unaitwa DeepSC wa kutuma sentensi, na kwenye majaribio ishara ilipokuwa dhaifu ulizishinda njia za kawaida. Wewe wa minara unajua, ishara ikishuka sana video inaganda ghafla. Huu unafifia polepole, neno moja linaweza kubadilika ila sentensi bado unaielewa.

binti_pwani:
Hapo kwenye neno kubadilika ndo sina amani kabisa. Mama akiniandikia "njoo saa mbili asubuhi" anamaanisha saa mbili yetu, jua limeshatoka, sasa modeli iliyolishwa Kiingereza tupu ikijenga upya hiyo sentensi inaweza kuniamsha usiku wa manane. Na pesa je? Elfu kumi na tano ikigeuka elfu hamsini, sentensi bado inasomeka vizuri tu lakini mtu kaumia. Kiswahili lazima kiwemo kwenye hizo modeli tangu mwanzo, sio kuja kubandikwa baadaye.

mdau_wa_mawimbi:
Dada umegusa penyewe. Ndo maana mimi naona namba, majina na miamala ziendelee kupita njia ya zamani, biti kwa biti. Hii mpya tuiachie video na vihisi.

fundi_mnara:
Nimeelewa sasa, asanteni sana. Swali lingine, hiyo modeli itakaa kwenye simu au kwenye mnara? Maana umeme kule juu tunaujua wenyewe.