Tupeane uzoefu: mliojifungua kwa kisu, kunyonyesha mliwezaje?

Habari zenu wapendwa, nimejifungua kwa oparesheni juzi, mtoto wa kwanza, maziwa yanatoka matone tu ya njano, mtoto analia usiku kucha na kila nikimpakata anagusa mshono naona nyota. Mama mkwe anasema tuanze maziwa ya kopo. Mlifanyaje jamani?

Mama K: Hongera mwaya na pole. Hayo ya njano ndo dang'a, maziwa ya kwanza, mpe yote hata kama ni kidogo. Maziwa yenyewe hushuka siku ya 2 mpaka ya 4, na sisi wa kisu mara nyingi yanachelewa, we mweke tu titini mara kwa mara. Mimi nesi wa zamu ya usiku alimtoa mtoto juu ya tumbo langu akaniwekea mto ubavuni, mtoto akakaa chini ya kwapa miguu inaelekea mgongoni kwangu, kichwa nimekishika na kiganja, mshono hauguswi kabisa! Usiku nikawa nanyonyesha nimelala ubavu. Na dawa za maumivu ulizopewa meza, kina paracetamol na ibuprofen hazina shida kwa anayenyonya, maumivu yakizidi hata maziwa yanagoma kushuka.

Binti Pwani: Mi yaliposhuka ndo kasheshe, matiti magumu kama jiwe, chuchu imekuwa bapa mtoto anashika anaachia anashika anaachia. Dada akanikanda na kitambaa cha uvuguvugu nikakamua kidogo kwa mkono mpaka pale kwenye weusi unaozunguka chuchu pakalainika, ndo akashika. Akishanyonya naweka kitambaa cha baridi. Ila msikubali kuminywa kwa nguvu, shangazi aliniminya nililia kuliko mshono.

Mama Wawili: Chuchu zikichanika angalia anavyoshika, afungue mdomo mpana achukue na ule weusi, sio ncha tu. Kumtoa ingiza kidole pembeni ya mdomo, usimvute.

Mama K: Na titi likiwa jekundu sehemu moja na unatetemeka na homa nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa antibayotiki na nikaambiwa niendelee kunyonyesha titi hilo hilo, ukiliacha limejaa linaweza kutunga jipu.

Mama Wawili: Kuhusu kopo, hesabu nepi. Kuanzia siku ya 5 akilowanisha 6 au zaidi kwa siku anapata. Zikiwa chache, au amelegea hataki kuamka kunyonya, mpeleke leo wampime uzito, wakisema aongezewe mpe kwa kikombe kidogo, ya kwako uliyokamua kwanza.