Injini inagonga, waranti ya nyongeza ipo: nisaini kazi ianze?

Ndugu zangu mlioko Marekani, salaam. Gari lina maili 76,000 na umri wa miaka sita. Waranti ya kiwanda imekwisha, lakini lilinunuliwa pamoja na waranti ya nyongeza. Likiwashwa asubuhi injini inagonga kwa sekunde chache, kisha inatulia, na sasa taa ya injini imewaka. Gereji inataka saini ili waanze kufungua. Nisaini? Na risiti za sevisi zitadaiwa zote?

———

Dada, usisaini bado. Madai mengi hukwama kwa sababu kazi ilianza kabla ya kampuni ya waranti kupigiwa simu. Karibu kila mkataba wa aina hii una kifungu kinachosema matengenezo lazima yaidhinishwe kabla hayajafanyika. Fundi akishabadilisha spea ndipo simu ipigwe, hata kama spea hiyo imo kwenye orodha ya vinavyolipiwa, kampuni ina haki ya kukataa kulipa.

Toa mkataba wenyewe, achana na kile kipeperushi cha rangi. Ingawa uliuzwa kwa jina la waranti, kisheria kwa kawaida huo ni mkataba wa huduma ya gari, kitu kilichonunuliwa kando na waranti ya mtengenezaji. Mara nyingi nyuma yake kuna watu watatu: aliyekuuzia, msimamizi anayepokea madai, na kampuni ya bima inayosimama nyuma ya deni. Namba unayoitaka ni ya msimamizi. Kisha tazama umeandikwa kwa mtindo gani. Kama unataja vitu vinavyolipiwa, kisichotajwa hakilipwi. Kama unataja visivyolipiwa tu, basi kisichotajwa kinalipwa, na huo ndio mkataba mzuri zaidi.

Gereji iwe na leseni, na iwe tayari kuzungumza na msimamizi moja kwa moja, kwa sababu wanataka kumsikia fundi, siyo mwenye gari. Fundi ataulizwa mambo matatu: mteja alilalamikia nini, chanzo cha ubovu ni nini, na kitatengenezwaje. Hilo la pili ndilo linaloamua kila kitu. Kusoma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, hakutoshi, maana kodi inaonyesha mfumo ulioleta hitilafu, haisemi ni kipande gani kimekufa. Kugonga kwa sekunde chache injini ikiwa baridi mara nyingi hutokana na kikaza cheni ya taimingi kilichopoteza shinikizo la oili. Lakini kelele hiyohiyo huletwa na oili iliyopungua, na ubovu ukitokana na oili kupungua au kuganda kuwa tope, dai hukataliwa. Kwa hiyo kabla gari halijaingia gereji, piga picha ya kijiti cha oili na ya odomita.

Mwambie pia fundi aandike vipimo. Neno "imechakaa" peke yake ni hatari, kwa kuwa mikataba mingi hailipii uchakavu wa kawaida, na mingine huulipia pale tu kipande kinapozidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Si suala la kupamba maneno. Cheni ipimwe, namba iandikwe, na kiwango cha mtengenezaji kiandikwe pembeni yake.

Kuhusu ile saini: msimamizi akitaka injini ifunguliwe ili chanzo kionekane, gharama ya kufungua ni juu yako hadi dai likubaliwe. Ukisaini, saini kwa idadi ya saa za kazi iliyotajwa tu, mfano kazi ya muda wa saa tatu, na uandike kwa mkono wako kwamba wasiendelee bila idhini yako. Waambie wasioshe vipande wala wasivitupe. Huenda mkaguzi akaja kuviangalia, na akikuta injini imeshaoshwa, ushahidi wako umekwenda na maji. Dai likikubaliwa, chukua namba ya idhini, kiasi kilichoidhinishwa na jina la aliyeidhinisha, kisha ndipo kazi ianze.

Risiti, ndiyo, zote. Kila moja ionyeshe tarehe, maili, namba ya gari, kiasi cha oili na daraja lake, kama 0W-20 au 5W-30. Anayebadilisha oili nyumbani atunze risiti ya oili na ya filta, na daftari lenye tarehe na maili. Wengine huamini kwamba sevisi isipofanywa kwa muuzaji rasmi waranti inakufa. Kwa waranti ya kiwanda si kweli: sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamkataza mtengenezaji kukulazimisha kutumia gereji au spea zake, isipokuwa akuzitolee bure au awe na kibali maalumu. Kwa mkataba ulionunuliwa kando, fuata kifungu chake cha matunzo.

———

Naongeza pale kaka alipoishia. Kabla ya kugusa mkataba, chukua VIN, ile namba yenye tarakimu na herufi 17, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali ya Marekani ya usalama wa barabarani. Gari likiwa na mwito wa usalama (recall, yaani mtengenezaji anayaita magari yenye kasoro yarekebishwe) ambao haujashughulikiwa, matengenezo hayo ni bure kwa muuzaji rasmi, na hutoi hata senti ya kuchangia. Hapohapo utaona taarifa za kiufundi ambazo watengenezaji hutuma kwa mafundi. Ukikuta taarifa inayotaja kelele ya cheni kwa injini yako, ichape umpe fundi, maana inamsaidia kueleza chanzo.

Jambo jingine ambalo wengi hulilipia bila sababu: masega ya egzosi (catalytic converter, kinachosafisha moshi) na kompyuta ya injini vina waranti inayolazimishwa na sheria ya serikali kuu ya miaka 8 au maili 80,000, kinachotangulia. Kwa maili 76,000 na miaka sita, bado umo ndani. Kodi ikiwa P0420, inayoashiria masega hayasafishi vya kutosha, na kipimo kikaonyesha kweli masega yamekufa, nenda kwa muuzaji rasmi, siyo kwa msimamizi. Umebakiwa na maili 4,000, kwa hiyo usingoje.

Upande wa pesa, soma kama kile kiasi cha kujilipia, yaani pesa unazochangia mwenyewe kwenye dai, kinatozwa kwa kila ziara au kwa kila kitu kinachotengenezwa. Vitu vitatu kwa dola 100 kila kimoja ni 300, wakati kwa ziara ni 100 tu. Halafu kuna saa za kazi. Msimamizi hulipa saa zilizoandikwa kwenye mwongozo wa mafundi, na mara nyingi ana ukomo wa bei ya saa. Tuseme kazi ni saa 9, gereji inatoza dola 170 na mkataba unalipa 140: hiyo 270 inayobaki ni yako, juu ya zile 100. Uliza kabla. Mkataba pia huweza kuruhusu spea iliyotumika au iliyofanywa upya, na ukitaka mpya kutoka kiwandani unaongeza tofauti.

Na wanaoendesha Uber au kupeleka vyakula, tafadhali someni kifungu cha matumizi ya biashara leo hii. Mikataba mingi inayakataa kabisa, na maili zilizokwenda mbio kwenye odomita humfanya mkaguzi aulize.

———

Wakikataa, msikubali jibu la simu. Omba barua inayotaja kifungu walichotumia, kisha lipa fundi mwingine asiyehusika aandike chanzo anachokiona. Rufaa ipelekwe kwa maandishi pamoja na picha na risiti. Ndani ya mkataba tafuta jina la kampuni ya bima. Katika majimbo mengi, msimamizi asipolipa ndani ya siku 60 tangu apate uthibitisho, unaruhusiwa kuidai kampuni hiyo moja kwa moja. Malalamiko hupokewa na idara ya bima ya jimbo au ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kutegemea jimbo. California, kwa mfano, ni idara ya bima.

———

Asanteni sana. Gereji hii haitaki kumpigia msimamizi, hivyo nalihamisha. Je, niliendeshe? Ni maili 12 tu.

———

Usiliendeshe, dada. Cheni ikiruka meno, vali na pistoni huweza kugongana, na watasema uliendelea kuendesha huku taa ikiwaka. Piga namba ya msaada wa barabarani iliyo kwenye mkataba, walivute wao. Ukiita gari la kuvuta mwenyewe, uliza kwanza kama wanarejesha pesa na mwisho ni dola ngapi, na risiti iandikwe VIN.