Mrejesho: lile deni la samaki wangu hapa Malindi

Shukran sana nyote mlionijibu nilipouliza kuhusu mwenye mkahawa aliyechukua samaki wangu wa shilingi 86,000 halafu akawa hapokei simu. Barua ya madai nilimpelekea, hakujibu. Nikafuata ya yule ndugu aliyesema niende korti ya madai madogo, wakili si lazima, wanasikiza madai mpaka milioni 1 na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kilichoniokoa ni daftari la mizani la kuandikia kilo za samaki, limelowa maji ya chumvi lakini sahihi zote za huyo mwenye mkahawa zasomeka, na meseji zake za "kesho inshallah". Nimeshinda alhamdulillah, ila kalipa 40,000 tu, sasa naomba korti hati ya kukamata mali. Mungu awalipe kheri.