Nampeleka mama mwenye nyumba wangu Shimla kuzuru mahekalu, magoti yake mabovu, naombeni ushauri

kijana_wa_sekta15

Salaam wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko Chandigarh nasoma, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kihindu, mjane, mwanae yuko Kanada, kwa hiyo ndani ya nyumba ni yeye, mimi na dada wa kazi basi. Wote tunamwita Aunty. Sasa Aunty kaniomba nimsindikize Shimla wikiendi moja ya mwezi wa kumi, tunapanda Ijumaa, tunarudi Jumapili usiku, anataka afike Jakhu, Kali Bari, Sankat Mochan na Tara Devi. Mwanzo alikuwa anataka mwezi wa nane, wakati ule wa Sawan, mwezi wao wa kumwabudu mungu Shiva unaoangukia msimu wa mvua, mwanae akakataa katakata kwenye simu, ikawa ugomvi mpaka wakakubaliana huo wa kumi.

Yeye ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, ngazi za hapa nyumbani tu anapanda kwa kushika ukuta, na nikiangalia picha za Shimla naona mji mzima ni ngazi! Nilimwambia tukodi teksi atoke asubuhi arudi jioni akacheka tu. Maswali yangu: mahekalu manne kwa muda huo yanawezekana au namuua mama wa watu? Ile treni ndogo ya kutoka Kalka ina maana au ni ya watalii (kusema ukweli mimi mwenyewe naitamani)? Na la mwisho, mimi ni Muislamu, wataniruhusu kuingia au nibaki nje na viatu? Sitaki kumuaibisha.

mlima_solan

Mkuu karibu sana milimani, mimi nimesoma Solan, hapo chini kidogo ya Shimla, kwa hiyo hiyo njia naijua. Wikiendi inatosha ila usiyapange kama yalivyoandikwa kwenye orodha yake. Angalia ramani kwanza. Jakhu na Kali Bari ziko mjini, lakini Sankat Mochan na Tara Devi ziko nje, upande wa barabara ileile inayoshuka kwenda Chandigarh, Sankat Mochan kama kilomita 5 kutoka mjini na Tara Devi kama 11. Watu wanafika Shimla halafu wanakodi teksi kurudi nyuma Tara Devi halafu wanapanda tena mjini, pesa na mgongo vinaisha bure. Hayo mawili yawekeni Jumapili mkiwa mnashuka, mizigo ikiwa kwenye gari.

Na Jumapili ina faida nyingine, Sankat Mochan Jumapili wanatoa chakula, langar, mnakaa chini kwenye mstari mnakula wali na dengu bure, tajiri na maskini pamoja. Mwambie tu Aunty mapema apate pa kuegemea maana kukaa chini kwa magoti hayo ni mtihani. Hekalu lenyewe si la zamani sana, ni la 1966, lilianzishwa kwa sababu ya Neem Karoli Baba, yule mtakatifu ambaye Steve Jobs alikwenda India 1974 akitaka kumuona akakuta ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Wazee wa rika la Aunty wanampenda mno huyo baba, muulize utaona atakavyochangamka.

Treni panda, tena panda wakati wa kwenda, msiiache kwa ajili ya kurudi. Ni kilomita 96 na inachukua zaidi ya saa 5, inakwenda taratibu kweli, lakini imejengwa 1903 na UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2008, ina mahandaki zaidi ya 100, na kwa mama wa magoti ni bora kuliko basi kwa sababu anaweza kusimama akanyoosha miguu. Basi la ile barabara kona zake zinatapisha hata wenyeji. Ubaya ni kwamba treni nzuri ya asubuhi inaondoka Kalka alfajiri, itabidi mtoke Chandigarh usiku bado haujaisha, na tiketi ukizubaa wiki za sikukuu hupati.

kibuyu

Muislamu unaenda kufanya nini kwenye masanamu? Maswali mengine bwana.

Bhatt wa Mvita

Ndugu kibuyu, kijana anamsindikiza mzee, hajaulizia kubadili dini. Mimi ni Mhindu wa Mombasa, nimezaliwa hapa na babu yangu kazaliwa hapa, na nimesindikizwa hekaluni na jirani zangu Waislamu tangu utoto, wanasimama uani tunapiga soga wakati mama yuko ndani.

Kijana, wasiwasi wako nauelewa maana yako mahekalu India ambayo asiye Mhindu haingii kabisa, Jagannath kule Puri ni mfano, na Guruvayur kule Kerala. Shimla si hivyo. Hayo manne uliyoyataja watalii wa kila aina wanaingia. Viatu unaviacha nje, ukiingia unazunguka ukiwa umeuweka mkono wa kulia upande wa murti, yaani sanamu la mungu, na hulazimiki kuinama wala kugusa chochote, simama kando kwa adabu inatosha. Pujari, yaani kuhani, akitaka kukupaka tilak, ile alama ya rangi, kwenye paji la uso na wewe hutaki, kunja mikono miwili kifuani na utikise kichwa ukitabasamu, hatalazimisha. Prasad, chakula kilichobarikiwa, ukipewa pokea kwa mkono wa kulia, hilo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa, kisha kama huli mpe Aunty, ila usiiache kwenye ukuta wala kuitupa, hapo ndipo utamuaibisha. Mkanda wa ngozi acha hotelini. Picha piga nje tu, chumba cha murti simu iwe mfukoni.

Jumamosi ndiyo siku ya kwenda Jakhu, na sidhani kama Aunty kaipanga kwa bahati, Jumanne na Jumamosi ni siku za Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, na Jakhu ni hekalu lake. Sisi tunasimuliana hivi: Lakshmana, mdogo wake Rama, alipigwa vitani akawa anakata roho, Hanuman akatumwa Himalaya kutafuta mmea wa sanjeevani, akiwa njiani akashuka pale juu ya kilima kumuuliza njia mzee mmoja wa ibada aliyekuwa anakaa hapo, akamuahidi kurudi kwa njia ileile, asirudi kwa sababu muda ulimbana. Yule mzee akasononeka, ndipo Hanuman akamtokea. Pale hekaluni wanaonyesha alama za nyayo zake. Lile sanamu jekundu la futi 108 utakaloliona ukiwa mjini ni la juzi tu, la 2010, mzee wako haendi kwa ajili ya hilo, anakwenda kwa ajili ya zile nyayo.

Kali Bari ni nyingine kabisa, hiyo ni ya Wabengali, ya mwaka 1845, na wakati Waingereza walipoifanya Shimla makao ya serikali yao ya msimu wa joto kuanzia 1864 makarani wa Kibengali walikuwa wanapanda nao kutoka Calcutta. Hata Tara Devi inasemekana ililetwa na ukoo wa kifalme uliotoka Bengal. Kwa hiyo kama wikiendi yenu itaangukia Durga Puja, sikukuu kubwa ya Wabengali ya mungu mke Durga, Kali Bari itajaa mpaka barabarani, ngoma na ubani, nendeni jioni kwenye aarti, ibada ya taa, mkasimame nyuma. Kwangu mimi hiyo ingekuwa ndiyo saa bora ya safari nzima.

kijana_wa_sekta15

Aisee shukrani sana, Bhatt umenitoa hofu kabisa. Nimemsomea Aunty mpango wa mlima_solan, treni Ijumaa, Jumamosi Jakhu asubuhi na Kali Bari jioni, Jumapili Sankat Mochan halafu Tara Devi na kushuka. Kafurahi. Nimemuuliza kuhusu Neem Karoli Baba, kaenda chumbani karudi na picha yake yenye fremu, nimekaa nasikiliza mpaka chai imepoa.

Shida imebaki moja. Nimeona kuna ropwei inayopanda Jakhu, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, nikajua nimemaliza kazi. Nikamwambia tutapanda kwa ropwei na kushuka kwa ropwei. Kakasirika!! Anasema aliweka nadhiri mwanae alipopata viza, kwamba atapanda Jakhu kwa miguu yake, na nadhiri ya miguu hailipwi kwa tiketi. Mwanae kanipigia anasema nimkatalie. Yaani niko katikati hapa. Nimkatalieje mtu mzima nadhiri yake?

nesi mstaafu

Mwanangu mimi nilikuwa wodi ya mifupa miaka mingi, nikwambie kitu ambacho watu wengi wanakigeuza. Magoti ya uzee yanaumia zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda. Kupanda kunachosha pumzi na mapaja, lakini kushuka mteremko mkali uzito wote unakuja mbele ya goti kila hatua, na ndipo wanapoteleza pia. Kwa hiyo wewe ulipanga ropwei zote mbili, mwanae hataki apande kabisa, na mama anataka kwa miguu, jibu liko hapohapo, apande kwa miguu ashuke kwa ropwei. Nadhiri yake ni ya kupanda, muulize vizuri, sidhani kama alisema na kushuka.

Ila kwa masharti. Akaonwe na daktari wake kabla, hasa presha na moyo, maana Jakhu ni mita 2,455, Chandigarh ninyi mko chini kabisa, pumzi itamkatika hata kama goti limetulia. Ndiyo maana ni vizuri mmelala Shimla usiku mmoja kwanza. Mtoke asubuhi mapema jua halijakaza, fimbo mkono ulio kinyume na goti baya zaidi, viatu vya raba si ndala, na mpumzike kabla hajaomba, ukisubiri aseme nimechoka umechelewa. Dawa zake zikae kwenye mfuko wako. Na mkubaliane mkiwa bado chini, akisikia kifua kinabana au kizunguzungu mnageuka, hakuna mjadala. Na hizo wiki zilizobaki ajizoeze, apande ngazi za hapo nyumbani kidogokidogo kila siku, sio kumshangaa akishika ukuta.

mlima_solan

Nesi umemaliza. Njia ya miguu inaanzia pale Ridge, ule uwanja wa wazi wa katikati ya mji, karibu na lile kanisa kubwa la njano, Christ Church, ni kama kilomita 2 lakini mwinuko wake ni mkali, na mwanzoni kuna kibao kinachokupima uzima wako kwa umri, kwamba wa miaka kadhaa akitumia dakika kadhaa basi yuko fiti. Mpitishe Aunty haraka asikisome, wazee wakikisoma wanaanza kushindana nacho.

Msipoteze nguvu zake mjini kabla. Mall Road magari ya kawaida hayaingii, kwa hiyo kutoka barabara ya chini tumieni ile lifti ya kulipia inayowapandisha mpaka Mall, na ziko teksi ndogo za shirika la mabasi la jimbo zinazoruhusiwa kupita zile njia zilizofungwa, wazee ndio wanazitumia. Jumapili Tara Devi gari linafika juu karibu na hekalu, hapo asilete habari za nadhiri. Kuna njia ya msituni kutoka stesheni ya Taradevi, nzuri sana, hiyo urudi siku nyingine na wanafunzi wenzako.

Na mwanae kukataa mwezi wa nane alikuwa sahihi kabisa. Tarehe 14 Agosti 2023, Jumatatu ya Sawan, watu wakiwa kwenye ibada hekalu la Shiva pale Summer Hill, mlima uliporomoka ukalifunika, walikufa watu 20. Reli ile ya treni ndogo ilibaki inaning'inia hewani, udongo wote wa chini umeondoka. Mvua za huko si za kubishana nazo.

mwanadiaspora

Hakuna aliyemwambia habari ya pasi? Wewe ni mgeni, hoteli ikikupokea inatakiwa ipeleke taarifa zako serikalini kwa fomu ambayo wengi wanaijua kama Form C, na hoteli nyingi ndogo hazitaki huo usumbufu, zinakwambia hakuna nafasi huku funguo za vyumba zimejaa ukutani. Aunty atapewa chumba wewe utaachwa barabarani saa sita mchana. Piga simu kabla ya kulipa, uliza wazi kama wanapokea wageni wa nje, na ubebe pasi yenyewe yenye viza na karatasi yako ya usajili wa mwanafunzi, kopi haitoshi.

Halafu nyani wa Jakhu, naona mmewapita kimyakimya. Aunty anavaa miwani?

kijana_wa_sekta15

Anavaa. Bila miwani haoni hata ngazi.

mwanadiaspora

Basi miwani iwe na kamba ya shingoni na mkifika juu aivue aitie ndani ya nguo mpaka awe hekaluni, wewe ndio umshike mkono. Hao hawanyang'anyi kwa njaa, ni biashara. Nilimuona mmoja ameshika miwani ya baba mmoja kwa kijiti chake kimoja cha sikioni, amekaa juu ya ukuta anaikunja na kuikunjua, anamtazama yule baba tu. Akaja kijana wa pale akamrushia kipakiti cha dengu za kukaanga, nyani akadaka kwa mkono mmoja na wa pili ukaiachia miwani, ikaanguka kwenye majani haijavunjika. Kijana akalipwa na yule baba, nyani akahamia kwa mteja mwingine. Kwa hiyo prasad msibebe kwenye mfuko wa nailoni unaoonekana, simu isikae mkononi, na wakikukaribia usiwakodolee macho wala kuwachekea kwa meno, kwao hiyo ni vita. Fimbo mtaikodi pale chini, si ya kuwapigia, ukiishika tu wanakaa mbali kidogo.

Bhatt wa Mvita

Fimbo ya nesi inatosha kwa kazi zote mbili. Na kijana, kabla hamjaondoka mwambie Aunty akuonyeshe atakaposimama kuomba na atakaa muda gani, ili usije ukamharakisha kwa sababu ya ropwei. Mwanae mpigie mkiwa juu, video, amuone mama yake amefika.